Kutoka Tabaka hadi Mwali: Historia ya Ujuzi wa Utoaji wa Gesi na Uwakaji wa Chembe za Makaa ya Mawe, kwa Mfano wa Eneo la Songwe-Kiwira, Rungwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi makaa ya mawe ya eneo la Songwe-Kiwira, kusini mwa Tukuyu, yalivyoelezwa na kutumiwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, yakilinganisha historia hiyo na ile ya sayansi ya namna chembe ya makaa inavyotoa gesi na kushika moto. Hoja kuu ni kwamba historia hizi mbili zilikwenda sambamba bila kukutana. Wanajiolojia walipima unene wa matabaka, wingi wa tani, majivu na kiasi cha viambata tete. Wanasayansi wa uwakaji, kwa upande wao, walithibitisha kuwa kiasi cha viambata tete si sifa ya makaa peke yake, bali ni zao la makaa na moto unaoyapasha. Makaa ya Kiwira yamepelekwa katika mioto ya aina tatu: boila, tanuri la saruji na jiko la nyumbani. Makala yanaonesha kuwa katika kila moto makaa hayo huwa kama nishati nyingine, na kwamba kipimo kimoja cha maabara hakitoshi kuamua usalama na ufanisi wake.

1.0 Utangulizi

Anayeteremka kutoka Tukuyu kuelekea Ziwa Nyasa hupita juu ya miamba ya volkano iliyomwagwa na Mlima Rungwe na milima jirani yake. Udongo wa miamba hiyo ndio unaostawisha migomba, chai na kahawa ya wilaya. Chini zaidi, kuelekea bonde la Mto Songwe na sehemu za chini za Mto Kiwira, miamba ya kale ya mfumo wa Karoo hujitokeza, na ndani yake mna matabaka ya makaa ya mawe ya enzi ya Permi. Jina la Kiwira limezoeleka kwa mambo matatu yasiyopaswa kuchanganywa: mto unaotoka katika milima ya Rungwe, mji mdogo ulio kaskazini mwa Tukuyu, na mgodi ulio mbali kusini, katika eneo ambalo leo limo mpakani mwa Kyela na Ileje.

Historia ya makaa haya imeandikwa zaidi kama historia ya umiliki, uchimbaji na umeme. Jambo ambalo halijapewa uzito ni historia ya ujuzi wenyewe: ni nini kilichojulikana, katika kila kipindi, kuhusu yanayotokea pale kipande cha makaa kinapokutana na joto. Swali hili linagusa uhai wa mchimbaji aliyezungukwa na vumbi la makaa, ufanisi wa kiwanda, na pumzi ya mama anayepika katika nyumba iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya Tukuyu.

2.0 Makaa Yanayohesabiwa: Kutoka Neu Langenburg hadi Ilima

Katika utawala wa Wajerumani, Tukuyu iliitwa Neu Langenburg na ilikuwa makao ya wilaya. Mhandisi wa migodi na mwanajiolojia Wilhelm Bornhardt alisafiri katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kati ya mwaka 1895 na 1897, na matokeo ya safari zake yalichapishwa mwaka 1900. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni miamba yenye makaa ya mawe katika pande za Ziwa Nyasa. Kwa dola iliyokuwa ikiwazia meli za mvuke na reli, habari hiyo ilikuwa na maana kubwa. Hata hivyo, hakuna reli iliyofika katika nyanda hizo wakati wa Wajerumani, na makaa yalibaki ardhini.

Katika kipindi cha Waingereza, Idara ya Jiolojia ya Tanganyika ilirejea eneo hilo kwa utaratibu zaidi. D. A. Harkin alichora na kueleza jiolojia ya Songwe-Kiwira katika miaka ya 1950, wakati eneo lote hilo likihesabiwa kuwa sehemu ya Wilaya ya Rungwe, kabla ya Kyela na Ileje kuwa wilaya zinazojitegemea. Katika muongo huo huo uchimbaji mdogo ulianza Ilima. Mwaka 1965, A. C. M. McKinlay alikusanya maarifa yaliyopatikana kuhusu maeneo yote ya makaa nchini katika chapisho moja lililokuja kuwa rejeo la msingi.

Maandiko ya aina hii yana lugha yake. Tabaka hupewa unene, mwinamo na eneo. Makaa hupewa asilimia ya unyevu, majivu, viambata tete na kaboni iliyosalia. Asilimia ya viambata tete hupatikana kwa njia iliyokubaliwa kimataifa: gramu moja ya makaa yaliyosagwa huwekwa katika kikombe kisichoungua chenye kifuniko, huingizwa katika tanuri la maabara lenye nyuzijoto 900 za Selsiasi kwa dakika 7, kisha uzito uliopotea, ukiondolewa unyevu, huitwa viambata tete. Kipimo hiki ni rahisi, hurudiwa popote, na kinafaa kupanga makaa katika madaraja. Udhaifu wake ni kwamba kinawasilisha matokeo ya moto mmoja mahususi kana kwamba ni sifa ya kudumu ya jiwe.

3.0 Makaa Yanayoulizwa: Chembe kama Kitu cha Utafiti

Wakati matabaka ya Rungwe yalikuwa bado hayajachorwa, Ulaya ilikwisha kuishi na gesi ya makaa kwa karne nzima. William Murdoch aliwasha taa za gesi ya makaa nyumbani kwake Redruth mwaka 1792, na kuanzia mwaka 1812 kampuni ya gesi ya London ilianza kulijengea jiji mfumo wa mabomba. Ujuzi huo ulikuwa wa kupasha makaa katika chombo kilichofungwa: gesi huchukuliwa, na koki hubaki. Mchoma mkaa wa Afrika Mashariki hufanya kazi ileile kwa magogo aliyoyafukia kwa udongo. Moshi mzito unaotoka tanurini mwake ni viambata tete vya mti. Kinachobaki ni mkaa unaong'aa jikoni bila mwali mrefu. Tofauti ni kwamba mwenye kiwanda cha gesi aliuza kile ambacho mchoma mkaa hukiachia hewani.

Chembe ndogo iliingia katika historia kwa njia ya msiba. Tarehe 28 Septemba 1844, mlipuko katika mgodi wa Haswell, kaskazini mwa Uingereza, uliua wanaume na wavulana 95. Michael Faraday na Charles Lyell walipotumwa kuchunguza, waliona vumbi lililogeuka koki likiwa limegandamana juu ya nguzo za mgodi. Walihitimisha kuwa gesi ya mgodini haikufanya kazi peke yake: vumbi lenyewe lilitoa gesi lilipopitiwa na mwali, na gesi hiyo ikaurefusha moto. Hitimisho hilo halikukubaliwa kwa haraka. Mwaka 1906, mlipuko wa vumbi huko Courrières, Ufaransa, uliua watu 1,099, na ndipo utafiti wa vumbi la makaa ulipopata msukumo mkubwa.

Kilichokuwa adui mgodini kilifanywa mtumishi katika vituo vya umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 makaa yalianza kusagwa kuwa unga na kupulizwa ndani ya tanuri pamoja na hewa. Mhandisi sasa alihitaji kujua mambo ambayo kipimo cha kikombe hakikumwambia: gesi hutoka kwa kasi gani, baada ya muda gani, na kwa kiasi gani?

Jibu la kwanza lililotumika kwa upana lilijengwa juu ya kanuni ya Svante Arrhenius ya mwaka 1889, inayoeleza jinsi kasi ya mmenyuko wa kikemia inavyopanda joto linapoongezeka. Katika modeli rahisi kuliko zote, kasi ya gesi kutoka hulingana na kiasi cha gesi ambacho bado kimo ndani ya chembe. Mwaka 1970, S. Badzioch na P. G. W. Hawksley walichapisha majaribio ya chembe zilizopashwa kwa kasi kubwa. Matokeo yao yalikuwa na uzito kuliko hesabu yenyewe: chembe zilipoteza uzito mwingi kuliko ule uliotabiriwa na kipimo cha kikombe. Sababu ni kwamba ndani ya kikombe chembe zimerundikana. Lami inayotoka katika moja hukutana na nyingine, hupasuka, na sehemu yake hurudi kuwa kaboni ngumu. Chembe iliyo peke yake katika mkondo wa hewa moto huitoa lami hiyo kabla haijapata nafasi ya kurudi.

Katika miaka ya 1970 modeli zilipanuliwa. D. B. Anthony na J. B. Howard, pamoja na wenzao, waliyachukulia makaa kama mkusanyiko wa vifungo vingi, kila kimoja kikiwa na nishati amilishi yake, ili joto linapopanda vifungo dhaifu vikatike kwanza na vyenye nguvu baadaye. H. Kobayashi, J. B. Howard na A. F. Sarofim walipendekeza mimenyuko miwili inayoshindana: mmoja hutawala joto likiwa la chini na kuacha kaboni nyingi, mwingine hutawala joto likiwa la juu na kutoa gesi nyingi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, modeli za mtandao wa molekuli zilianza kuyatazama makaa kama wavu wa viini vya kaboni vilivyounganishwa kwa madaraja. Madaraja yakikatika vya kutosha, vipande vya wavu huponyoka vikiwa lami. Kwa hatua hii, swali lilihama kutoka “makaa haya yana gesi kiasi gani?” hadi “wavu huu utakatikaje katika moto huu?”

4.0 Kushika Moto: Nani Hutangulia?

Utoaji wa gesi ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kushika moto. Mwaka 1928, Nikolai Semenov alieleza kuwa kitu hushika moto pale joto linalozalishwa na mmenyuko linapozidi joto linalopotea. Kwa chembe ya makaa, kanuni hiyo huzaa njia tatu. Katika njia ya kwanza, gesi hutoka, huchanganyika na hewa pembeni mwa chembe na kuwaka huko. Mwali huizunguka chembe na kuizuia oksijeni isifike kwenye uso wake. Katika njia ya pili, oksijeni hufika kwenye uso kabla ya gesi ya kutosha kukusanyika, na chembe huanza kung'aa bila mwali. Katika njia ya tatu mambo yote mawili hutokea kwa pamoja. J. B. Howard na R. H. Essenhigh walionesha mwaka 1967 kuwa, katika mwali wa makaa yaliyosagwa, uso wa chembe unaweza kuwaka wakati gesi bado inatoka.

Ukubwa wa chembe ndio mwamuzi wa kwanza. Kipande kikubwa kina akiba ya gesi inayotosha kujenga wingu kukizunguka, hivyo kwa kawaida mwali hutangulia. Chembe ndogo sana hutawanya gesi yake hewani kabla haijakolea, hivyo uso unaweza kutangulia. Kasi ya kupashwa joto ni mwamuzi wa pili, na wingi wa oksijeni ni wa tatu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoandikwa katika jedwali la sifa za tabaka.

5.0 Mioto Mitatu ya Kiwira

Mgodi mkubwa wa Kiwira ulijengwa kwa ushirikiano wa Tanzania na China na kuanza uzalishaji mwaka 1988 chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Ulikusudiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, na uliambatana na kituo cha umeme cha megawati 6. Wateja waliotarajiwa walijumuisha kiwanda cha saruji cha Mbeya kilichopo Songwe na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi. Mwaka 2005 mgodi ulibinafsishwa. Baadaye uzalishaji ulisimama, na mgodi ukarudi mikononi mwa Serikali kupitia STAMICO. Mabadiliko ya umiliki yamejadiliwa sana. Yanayofuata hapa ni mabadiliko ya moto.

Moto wa kwanza ni wa boila. Katika boila ndogo za kuzalisha mvuke, makaa kwa kawaida huchomwa yakiwa vipande juu ya chanja, huku hewa ikipita kutoka chini. Vipande hupashwa kwa dakika kadhaa. Gesi hutoka mapema na kuwaka juu ya kitanda cha makaa, na kaboni huungua polepole nyuma yake. Iwapo hewa ya juu ya kitanda ni chache, gesi huondoka kama moshi mweusi, na sehemu ya nishati iliyochimbwa kwa jasho hupotelea bombani. Majivu mengi, ambayo ni sifa inayojulikana ya makaa ya Kiwira, huizingira kaboni na kuchelewesha oksijeni kuifikia.

Moto wa pili ni wa tanuri la saruji, ambamo makaa husagwa na kupulizwa. Chembe yenye upana usiofikia sehemu ya kumi ya milimita hupashwa kwa kasi ya makumi ya maelfu ya nyuzijoto kwa sekunde. Gesi yake huisha kutoka katika sehemu ndogo ya sekunde; kaboni iliyosalia huhitaji muda mrefu zaidi, unaokaribia sekunde nzima au kupita. Katika moto huu makaa hutoa gesi nyingi kuliko ile ya kikombe, lakini uthabiti wa mwali hutegemea kama gesi hiyo imetoka karibu na mdomo wa kichomeo au mbali nao. Aidha, unga huohuo ukitulia katika mabomba au ghala lenye joto unaweza kujiwasha, kwa sababu ileile iliyoelezwa na Semenov: joto linazalishwa kuliko linavyopotea.

Moto wa tatu ni wa jikoni. STAMICO hutumia makaa ya Kiwira kutengeneza mkaa mbadala unaoitwa Rafiki Briquettes, katika kipindi ambacho Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa wilaya ya mvua nyingi kama Rungwe, ambako misitu ni chanzo cha maji na kuni ndizo nishati ya asili ya jiko, jambo hili si dogo.

Kipande cha mkaa mbadala ni chembe kubwa mno kwa lugha ya modeli. Uso wake huwaka wakati kitovu chake bado ni cha baridi. Joto hupenya kwa makumi ya dakika, na gesi hutoka tabaka kwa tabaka. Gesi inayotoka mapema, kabla jiko halijapata joto la kuiteketeza, ndiyo moshi. Kwa hiyo makaa ghafi yasiyotolewa gesi hayafai kutumiwa hivi hivi kama nishati ya jikoni: ama gesi iondolewe kiwandani kwa kuyapasha kwanza, ama jiko lijengwe ili gesi ikutane na hewa moto kabla ya kutoka. Pia ni lazima kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Kutokuwa na moshi si kutokuwa na sumu. Kaboni inayong'aa katika hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Katika miji ya baridi kama Tukuyu, ambako jiko huingizwa ndani ili kuota moto, nishati isiyo na moshi inaweza kuwa ya hatari zaidi kwa sababu haimpi mtu onyo la kukohoa.

6.0 Mjadala

Ulinganisho huu unaibua masuala mawili. La kwanza ni la kipimo. Jedwali la mwanajiolojia halikuwa na kosa; lilijibu swali la wakati wake. Harkin na McKinlay waliandika kabla ya majaribio ya mwaka 1970 kuonesha pengo kati ya kikombe na mwali. Tatizo huanza pale jedwali hilo linapoazimwa bila mabadiliko ili kuamua aina ya kichomeo, urefu wa tanuri au ubora wa mkaa wa jikoni. Asilimia ileile ya viambata tete hubeba maana tatu katika mioto mitatu: moshi unaowezekana juu ya chanja, uthabiti wa mwali katika tanuri la saruji, na madhara kwa mapafu jikoni.

La pili ni la asili ya modeli. Vigezo vingi vya modeli maarufu vilipatikana kwa makaa ya Uingereza na Marekani. Sampuli nane za rejeo zilizohifadhiwa katika maabara ya Argonne, ambazo zimetumika sana kujenga na kujaribu modeli za mtandao, zote ni za Marekani. Makaa ya Karoo yana historia nyingine. Yalijengwa katika bara la kale la Gondwana, na kwa ujumla makaa ya bara hilo hubeba madini mengi na sehemu kubwa ya inatinaiti, yaani masalia ya mimea yaliyooksidika kabla ya kufukiwa. Sehemu hii hutoa gesi kidogo kuliko vitrinaiti na hailainiki kwa namna ileile inapopashwa. Modeli iliyopimwa kwa makaa ya Pittsburgh inaweza kutumika kwa Kiwira kama umbo la hesabu, lakini tarakimu zake hazina budi kupatikana upya kutokana na matabaka ya Kiwira yenyewe.

Inaweza kupingwa kuwa viwanda viliendeshwa miaka mingi bila modeli, na mafundi wa boila waliujua moto kwa rangi yake na sauti yake. Pingamizi hili lina ukweli, kwani ujuzi wa fundi ni modeli isiyoandikwa. Lakini ujuzi huo huondoka na mwenyewe mgodi unaposimama, na hauhamishiki kutoka chanja hadi jiko. Historia ya Kiwira, yenye vipindi vya kuwaka na kuzimika, inaonesha thamani ya maarifa yanayobaki katika maandishi mafundi wanapotawanyika.

7.0 Hitimisho

Kwa zaidi ya karne moja makaa ya Songwe-Kiwira yameelezwa kwa kile yalivyo ardhini. Sayansi ya uwakaji imeonesha kuwa hiyo ni nusu ya maelezo, kwa kuwa gesi inayotoka na namna chembe inavyoshika moto huamuliwa pia na ukubwa wa chembe, kasi ya joto na hewa inayoizunguka. Kutokana na uchambuzi huu, yanajitokeza mambo matatu. Kwanza, maelezo ya tabaka lolote linalokusudiwa kuchomwa yaambatane na vipimo vya kasi ya utoaji wa gesi katika hali zinazokaribiana na moto utakaotumika. Pili, modeli zilizoundwa kwingine zipewe vigezo vya makaa ya Karoo kabla ya kutumiwa kufanya maamuzi. Tatu, mkaa mbadala wa jikoni upimwe moshi na kaboni monoksaidi kwa pamoja, ndani ya majiko na nyumba za mahali utakapouzwa. Tani zilizopo chini ya ardhi ya Rungwe ya zamani zilikwisha kuhesabiwa. Kazi iliyobaki ni ya kuifuata chembe moja, kutoka inapopata joto hadi inapogeuka majivu.